Afya ya akili Mulungwishi: nani atalipa dawa ya mwezi ujao?

Mtu akivunjika mguu Mulungwishi, familia inajua hesabu yake: safari ya Likasi, upasuaji, plasta, wiki chache za kungoja, kisha deni linaanza kupungua. Mtu akishikwa na ugonjwa wa akili, hesabu haina mwisho. Dawa ya mwezi huu ikiisha inatakiwa ya mwezi ujao, na pengine ya miaka kumi ijayo. Ndiyo sababu swali la afya ya akili katika jimbo la Haut-Katanga haliishii kwa madaktari na wagonjwa. Linafika kwa yule mwenye kufungua mfuko, na leo, mara nyingi, huyo ni mama, kaka au shangazi wa mgonjwa.

Kinshasa imeahidi mpango wa afya kwa wote, yaani mfumo ambao mtu yeyote anaweza kutibiwa bila kuuza shamba. Sehemu ya kwanza ya mpango huo, uzazi wa bure, ilizinduliwa Septemba 2023. Ugonjwa wa akili bado uko nje ya mlango. Ukiangalia namna matibabu yanavyolipwa katika Kongo, utaona kwamba hii si bahati mbaya tu. Karibu kila mlipaji aliyepo amejengwa kwa ajili ya tukio lenye mwanzo na mwisho, au kwa ajili ya mtu mwenye kazi. Ugonjwa mkubwa wa akili hauna mwisho unaojulikana, na mara nyingi kazi ndiyo kitu cha kwanza unachomnyang'anya mtu.

Safari 48 kwa mwaka

Mulungwishi inajulikana kwa misioni ya Wamethodisti na chuo kikuu chao, na kwa barabara ya Likasi kwenda Kolwezi ambako malori ya shaba hupita mchana na usiku. Iko kilometa zipatazo 30 kutoka Likasi na karibu kilometa 150 kutoka Lubumbashi. Ni huko Lubumbashi kunakopatikana kituo kinachojulikana zaidi jimboni kwa magonjwa ya akili: kituo cha Dr Joseph Guislain, kinachoongozwa na shirika la kikatoliki la Mabruda wa Upendo.

Tuchukue mfano wa familia moja ya wakulima. Kijana wao anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, halali usiku, anakimbilia porini. Amepelekwa Lubumbashi, ametulizwa, amerudishwa nyumbani na dawa, na ameambiwa arudi kila mwezi. Hawezi kusafiri peke yake, kwa hiyo wanaenda wawili. Kwenda na kurudi ni nafasi nne katika gari kila mwezi. Kwa mwaka ni nafasi 48, kabla ya kulipa karatasi ya kuonana na daktari, kabla ya dawa, kabla ya chakula cha njiani, na kabla ya kuhesabu siku ambazo msindikizaji hakulima wala hakuuza sokoni.

Familia nyingi hazifiki mwezi wa sita. Zinaanza kuruka mwezi mmoja, kisha miwili. Mgonjwa anarudi katika hali ya mwanzo, na watu wanasema dawa za wazungu haziponyi. Hapo ndipo wengine wanampeleka katika chumba cha maombi au kwa mganga wa kienyeji, ambaye naye anataka malipo, na wengine wanamfunga kamba nyuma ya nyumba ili asiumize mtu au asiumizwe. Jirani akiona kamba anaona ukatili au ujinga. Mara nyingi kilichotangulia kamba hiyo ni nauli iliyokosekana.

Kwa jumla, nchi nzima iko katika hali hiyo hiyo. Matumizi yote ya afya katika Kongo, ukijumlisha pesa za serikali, za wafadhili na za wakaaji wenyewe, ni karibu dola 20 tu kwa mtu mmoja kwa mwaka, na kama sehemu mbili kwa tano hivi zinatoka moja kwa moja mfukoni mwa familia. Mwaka 2001, mjini Abuja, marais wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti katika afya. Kongo haijawahi kufikia kiwango hicho. Kwa afya ya akili peke yake, Shirika la Afya Duniani, OMS, limesema kwamba serikali za Afrika hutoa chini ya senti 50 za dola kwa kila mkaaji kwa mwaka, wakati kiwango kinachopendekezwa kwa nchi maskini ni dola 2.

Zamani kampuni ndiyo ilikuwa bima

Katanga ina kumbukumbu ya pekee katika jambo hili. Wazee wa Likasi, hasa wa Panda na Shituru, wanakumbuka wakati ambapo hakuna aliyeuliza nani atalipa. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilikuwa na hospitali zake, zahanati zake, shule zake na chakula cha kila mwezi. Mfanyakazi, mke wake na watoto wao walitibiwa kwa kuonyesha karatasi ya kampuni. Haikuitwa bima, lakini ilifanya kazi ya bima: wengi wenye afya walibeba wachache wenye ugonjwa, kwa muda wote ambao ugonjwa ulidumu.

Mfumo huo ulivunjika polepole. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakosekana kwa miezi mingi. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Gécamines ilianza mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka. Walipewa kiasi cha pesa na wakaambiwa kwaheri. Pamoja na kazi, familia zao zilipoteza daktari. Wengi walirudi kulima, kuchoma makala au kuchimba madini kwa mikono katika vijiji kama vile vya wilaya ya Kambove, na watoto wao wamekua bila kujua matibabu yanayolipwa na mtu mwingine.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 bado inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake. Makampuni makubwa ya migodi yana zahanati au mikataba na hospitali. Lakini sheria hiyo ina mipaka miwili ambayo inamgusa mgonjwa wa akili kuliko mwingine yeyote. Kwanza, inamhusu mwenye mkataba wa kazi. Mchimbaji wa mikono, muuza mboga, mkulima na mwendesha pikipiki hawamo. Pili, ugonjwa usiotokana na kazi ukimzuia mtu kufanya kazi zaidi ya miezi 6 mfululizo, mkataba unaweza kuvunjwa. Miezi 6 inatosha kwa mfupa uliovunjika. Kwa mtu mwenye skizofrenia, miezi 6 ni mwanzo tu. Bima yake inakatika wakati ule ule ambapo anaihitaji zaidi.

Wapo wanaodhani kwamba CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inaweza kushika nafasi hiyo. Sheria yake ya mwaka 2016 inashughulikia pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na misaada ya familia. Ugonjwa wa kawaida, wa mwili au wa akili, haumo.

Walipaji waliobaki

Nje ya mwajiri, mgonjwa wa akili katika Kongo anaweza kukutana na walipaji watatu, na kila mmoja ana udhaifu wake.

Wa kwanza ni dini. Bila mashirika ya kidini, ramani ya afya ya akili nchini ingekuwa karibu tupu nje ya Kinshasa. Mabruda wa Upendo wako Lubumbashi, na pia wanaendesha SOSAME mjini Bukavu na Tulizo Letu mjini Goma. Vituo hivyo vinapokea hata wasio na kitu, lakini lazima vinunue dawa, vilipe wauguzi na kuweka taa. Sadaka ya Ulaya inapungua mwaka hata mwaka, na karatasi ya mgonjwa ndiyo inayoziba pengo.

Wa pili ni mradi. Katika Kivu zote mbili na Ituri, miaka mingi ya vita imeleta mashirika yanayolipia washauri wa kisaikolojia kwa waliobakwa, waliokimbia na watoto waliotoka katika makundi ya silaha. Kazi hiyo imeokoa watu. Lakini mradi una tarehe ya kufunga. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wakaaji wa mashariki waliona jinsi huduma inavyoweza kukatika kwa uamuzi uliochukuliwa mbali sana. Haut-Katanga, kwa kuwa inahesabiwa kama jimbo la amani, haikuwahi kupata miradi mingi ya aina hiyo.

Wa tatu ni mituweli, chama ambacho wanachama wanachanga ili kulipiana matibabu. Sheria ya Februari 2017 iliweka kanuni za vyama hivyo. Kinachojulikana zaidi ni kile cha walimu, ambacho mchango wake unakatwa kwenye mshahara. Kilianza Kinshasa na kufika miji mingine, Lubumbashi ikiwemo. Kinaonyesha kwamba inawezekana, pale mshahara unapopita benki. Kijijini ambako watu wanachanga kwa hiari, hesabu inakuwa ngumu: wenye afya wanasita kujiunga, wenye magonjwa ya muda mrefu wanakimbilia, na chama kidogo kinaishiwa pesa. Ili kujilinda, vyama vingi vidogo vinaweka mipaka kwa magonjwa yasiyoisha, na ugonjwa wa akili huwa katika orodha ya kwanza kuachwa.

Kwa nini kituo cha afya hakimtafuti mgonjwa huyu

Kuna sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo iko ndani ya kituo cha afya chenyewe. Kongo imegawanywa katika zoni za afya 519, kila moja ikiwa na hospitali kubwa ya rufaa na vituo vya afya vinavyohudumia watu elfu kadhaa kila kimoja. Kwenye karatasi, huduma iko karibu. Kwa vitendo, wauguzi wengi hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali, au wanapata posho ndogo inayochelewa. Kituo kinaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa: karatasi, maabara, dawa, kujifungua, upasuaji mdogo.

Katika uchumi wa namna hiyo, mgonjwa wa akili haleti faida. Kumsikiliza kunachukua muda mrefu, na muda hauna bei kwenye orodha. Hahitaji vipimo vingi. Dawa zake hazitoki haraka kama zile za malaria, kwa hiyo muuguzi mkuu anaogopa kuagiza haloperidol au karbamazepini kutoka CAMELU, ghala la dawa muhimu la Lubumbashi, zisije zikapita tarehe. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anaambiwa aende Lubumbashi, hata pale ambapo muuguzi aliyefunzwa angeweza kumsaidia palepale kijijini.

Hili la mafunzo si ndoto. Tangu 2008 OMS ina mpango unaoonyesha namna muuguzi au daktari wa kawaida anavyoweza kutambua na kutibu magonjwa ya akili yaliyo mengi, pamoja na kifafa, na kumpeleka kwa mtaalamu yule tu anayezidi uwezo wake. Lakini mafunzo bila mlipaji hayadumu. Muuguzi anarudi kutoka semina na cheti, anakuta kabati halina dawa na hakuna anayemlipa kwa saa anayotumia kuongea na familia. Baada ya mwaka mmoja cheti kinabaki ukutani.

Uzazi wa bure: mlango uliofunguliwa nusu

Ndiyo sababu macho yanaelekea kwenye mpango wa afya kwa wote. Sheria ya afya ya Desemba 2018 ilirekebishwa Machi 2023 ili kuupa mpango huo msingi wa kisheria, na mfuko wa mshikamano wa afya ukaundwa ili kununua huduma kwa niaba ya wakaaji. Utaratibu ni rahisi kueleza: mama anajifungua bila kulipa, kituo kinapeleka hesabu, hesabu inakaguliwa, mfuko unalipa. Mpango ulianza Kinshasa, kisha ukapelekwa katika majimbo mengine. Malalamiko makubwa ya vituo yamekuwa kuchelewa kwa malipo, na hilo ni onyo: kituo kisicholipwa kwa wakati kinarudi kumwomba mama pesa kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo, mpango huo tayari unapita karibu sana na afya ya akili. Kwa hesabu za OMS, katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kwa watano anapata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa huzuni kubwa inayoitwa sonona. Mama huyo halali, hali, anamwangalia mtoto kama wa mtu mwingine, wakati mwingine anafikiria kujiua. Yumo tayari katika kituo cha afya, ana kadi, muuguzi anamjua kwa jina, na serikali imeshakubali kulipa. Kumuuliza maswali machache kuhusu usingizi na huzuni wakati wa kupima mtoto hakuhitaji jengo jipya wala mashine.

Tatizo ni kwamba uzazi wa bure una kalenda. Mtoto mchanga anafuatwa kwa siku 28 za mwanzo, mama kwa wiki chache, na baada ya hapo mlango unafungwa. Sonona ikigunduliwa wiki ya tano, nani analipa mwezi wa nne? Mpango wenye nia ya kweli ungesema: aliyegunduliwa akiwa ndani, anatibiwa mpaka apone. Ingekuwa hatua ndogo kwa pesa, lakini kubwa kwa maana yake, kwa sababu kwa mara ya kwanza mfuko wa serikali ungekubali kulipia ugonjwa wa akili kama ugonjwa.

Majirani walifanyaje

Mfano ulio karibu ni Rwanda. Uhusiano wa Kinshasa na Kigali ni mbaya, na wasomaji wa Kivu wanajua gharama yake kwa damu. Lakini katika suala hili kuna somo ambalo siasa haiwezi kulifuta, kwa sababu wahusika ni wale wale: hospitali kubwa ya magonjwa ya akili ya Ndera, karibu na Kigali, inaendeshwa na Mabruda wa Upendo, shirika lile lile lililoko Lubumbashi, Bukavu na Goma. Tofauti ni kwenye dirisha la malipo. Kule, mgonjwa anafika na kadi ya mituweli. Kwa miaka mingi familia nyingi zilichangia faranga 3,000 za Rwanda kwa mtu kwa mwaka, serikali ikawalipia walio maskini kabisa, na mgonjwa akabaki na asilimia 10 ya gharama hospitalini. Tangu 2015 mfuko huo unasimamiwa na taasisi moja ya taifa. Siri yake iko katika mambo mawili: kila mtu lazima achangie, na asiyeweza analipiwa.

Kenya inafundisha kitu kingine. Sheria yake ya afya ya akili ya mwaka 1989 tayari ilikataza kampuni za bima kuwatenga wagonjwa wa akili. Kwa miongo mitatu katazo hilo lilibaki zaidi kwenye vitabu, mpaka sheria ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022 na kurudia haki hiyo kwa nguvu zaidi. Kisha sheria ya bima ya jamii ya 2023, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2024, ikaweka makato ya asilimia 2.75 ya mapato na kuunda mifuko mitatu, mmoja wao ukiwa kwa ajili ya dharura na magonjwa sugu, kwa mtu aliyemaliza kiwango cha bima yake. Mfumo huo mpya nao umelalamikiwa sana na hospitali kwa kuchelewa kulipa. Lakini wazo la mfuko wa pekee kwa ugonjwa usioisha linajibu moja kwa moja tatizo la mkaaji wa Mulungwishi.

Hesabu ya watu 10,000

Wakubwa wengi wanapoulizwa kuhusu afya ya akili hujibu kwamba ni ghali. Basi tufanye hesabu kwa eneo moja la watu 10,000, ukubwa wa eneo la kituo kimoja cha afya kijijini.

Kifafa, ambacho katika vituo vingi vya Afrika hutibiwa pamoja na magonjwa ya akili, kwa makadirio ya OMS kinashika kati ya watu 4 na 10 kwa kila 1,000. Katika eneo letu ni wagonjwa 40 hadi 100. OMS inasema dawa ya mgonjwa mmoja inaweza kugharimu dola 5 kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Hata wakiwa 100, dawa zao za mwaka mzima ni dola 500. Skizofrenia inashika karibu mtu 1 kwa 300. Hapa ni watu kama 33. Sonona inashika karibu asilimia 3.8, yaani watu 380, na wengi wao wanahitaji kwanza mtu wa kuwasikiliza aliyefunzwa, kabla ya kidonge.

Kiwango cha dola 2 kwa kila mkaaji kingeleta dola 20,000 kwa mwaka. Kwa pesa hizo muuguzi anaweza kulipwa, dawa zikapatikana kila mwezi, na mtaalamu akatoka Lubumbashi kila baada ya miezi mitatu ili watu 50 wasisafiri, asafiri yeye. Kwa kiwango cha leo cha senti 50, eneo hilo lingepata dola 5,000, na hiyo ni kama pesa ingegawanywa sawa, bila nyingi kubaki katika hospitali za mji mkuu.

Malori yanayopita

Je, dola 20,000 ziko wapi? Katika Haut-Katanga swali hilo lina jibu linalopita barabarani kila siku.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba. Katika kila dola 100 za mrabaha, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za sekta, usultani au mji ambako mgodi uko, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi.

Tuseme lori limebeba tani 30 za shaba, na tani moja ni dola 9,000. Mzigo una thamani ya dola 270,000. Bila kuingia katika makato madogomadogo, mrabaha wake ni dola 9,450, na fungu la eneo la mgodi ni kama dola 1,417. Malori 15 ya namna hiyo yanatosha kulipia afya ya akili ya watu 10,000 kwa mwaka mzima, kwa kiwango cha dola 2.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba pesa iko tayari mezani. Fungu la 15 linaenda kwa eneo lenye mgodi, si kwa kijiji ambacho malori yanakipita na kukiachia vumbi. Kwa Mulungwishi na vijiji vingine vya barabarani, fungu la jimbo, lile la 25, ndilo la kudai. Tena, viongozi hupenda pesa za migodi zijenge kitu kinachoonekana: shule, soko, jengo la kituo cha afya lenye rangi mpya na jiwe la msingi. Mshahara wa muuguzi na kopo la fenobarbitali havikatwi utepe. Na wakaaji wa maeneo ya migodi wamelalamika mara nyingi kwamba hawaonyeshwi hesabu ya kilichoingia na kilichotumika.

Lakini hapo ndipo uamuzi unaweza kuchukuliwa bila kungoja Kinshasa. Bunge la jimbo linapiga kura bajeti ya jimbo kila mwaka. Linaweza kuweka mstari mmoja wa dawa za akili na kifafa kwa zoni za afya, wenye jina lake na kiasi chake, ili mtu yeyote aweze kuuliza ulitumikaje. Kamati zinazosimamia asilimia 0.3, ambamo jamii ina wawakilishi, zinaweza kukubali kwamba matibabu ya miaka mitano ni mradi kama daraja lilivyo mradi. Mfuko wa mshikamano unaweza kuanza na akina mama waliomo tayari. Na mituweli ya walimu, au nyingine yoyote inayotaka kuungwa mkono na serikali, inaweza kuwekewa sharti la kutotenga ugonjwa wa akili.

Wakosoaji watasema kuna malaria, kuna kipindupindu, kuna watoto wenye utapiamlo, na pesa ni kidogo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mgonjwa wa akili asiyetibiwa hagharimu sifuri. Familia yake inalipa nauli, maombi, mitishamba, faini ya kilichoharibiwa, na siku za kazi za yule anayemlinda. Gharama ipo tayari, isipokuwa haiandikwi kwenye bajeti yoyote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nchi pia inaweza kuficha maradhi kwa kuyaacha nje ya hesabu zake.

Bajeti ya jimbo itakapopelekwa tena mbele ya wabunge, wakaaji wa Mulungwishi, Kambove na Likasi wana swali fupi la kuwauliza waliowachagua: katika kurasa zote hizo, dawa ya mgonjwa wa akili iko kwenye mstari gani? Wakijibiwa kwamba haipo, watajua kwamba mlipaji bado ni wao, na kwamba mwezi ujao unakaribia.